Barua kwa mwanangu: kutoka kiti cha mchezaji hadi filimbi ya kocha

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mama yako, sisi hatujambo. Barua yako niliisoma pale Mwaloni, magunia ya dagaa yakisubiri kupakiwa, kisha nikairudia usiku. Umeniuliza kama mchezaji wa mpira wa kikapu wa viti mwendo anayeacha kucheza ili awe kocha amejishusha, hasa sasa ambapo bega lako halikupi usingizi.

Hapana, mama, hajajishusha. Mtazame Stephanie Wheeler wa Marekani, aliyepooza miguu kwa ajali ya gari akiwa mtoto. Alitwaa dhahabu ya Paralimpiki kule Athens mwaka 2004, akaitwaa tena Beijing mwaka 2008, ambako fainali yao ilikuwa dhidi ya Ujerumani. Muda mfupi baadaye alikabidhiwa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Illinois, chuo kilekile alichosoma. Timu ya taifa ilipotoka London mwaka 2012 bila medali, yeye ndiye aliyepewa kuijenga upya, na mwaka 2016 kule Rio ikawafunga Wajerumani walewale 62 kwa 45 katika fainali. Mimi dhahabu hiyo ya tatu naiona nzito kuliko zile mbili, kwa kuwa safari hii hakuweza kuingia uwanjani kulisahihisha kosa kwa mikono yake.

Sheria unazijua kuliko mimi, lakini kuna moja ambayo nimeifikiria sana tangu siku nilizokuwa nikikusindikiza mazoezini. Kila mchezaji hupewa pointi, kuanzia 1 hadi 4.5, kulingana na uwezo wa mwili wake, na jumla ya watano walio uwanjani haiwezi kuzidi 14. Kwa hiyo kocha hawezi kuwajaza wenye viwiliwili imara peke yao. Ni lazima ajue namna ya kumtumia mwenye pointi 1, ambaye kwa kiti chake humzuia mpinzani na kumfungulia mfungaji njia ya kufika chini ya kikapu. Kazi hiyo ndiyo uliyoifanya miaka yote, wewe wa pointi 1.5. Watu walimshangilia aliyefunga, nami nilikuwa nakutazama wewe, uliyekuwa umekwisha kumziba mlinzi kabla mpira haujafika, na iliniuma kwamba hakuna aliyekutaja. Hata hivyo, huko ndiko ulikojifunza kuusoma uwanja mzima, jambo ambalo wafungaji wengi huanza kulitafuta siku wanapopewa timu.

Bega lipumzishe, wala usione haya kusema kwamba linauma.

Ukija Desemba, njoo na kile kiti chako cha zamani chenye magurudumu yaliyoinama. Nimezungumza na fundi baiskeli wa Igogo, naye amekubali kubadilisha spoki zilizokatika. Kuna binti wa jirani, ana miaka 12, ameniuliza mara mbili utafika lini.

Baba yako