Kamusi ya baba na penseli yake

Swali lenu la wiki hii linauliza: mwenye simu mkononi ana haja gani tena na kamusi ya kitabu? Haja anayo, na kubwa. Nauza leso mtaa wa Biashara hapa Mombasa, na hapiti siku bila mteja kuniuliza maana ya neno.

Leso hainunuliwi kwa rangi peke yake. Mtu hutazama pindo, hutazama mji, yaani sehemu ya katikati, kisha husoma jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Wengi wa wateja wangu siku hizi ni wageni kutoka bara, na hawatoi pesa mpaka wajue jina linasema nini. Mwezi uliopita alikuja binti anatafuta leso ya kumpelekea mama mkwe. Akaipenda moja iliyoandikwa MCHEZA KWAO HUTUNZWA. Akatoa simu, akaandika, akasoma, akairudisha leso mezani.

"Mama, hii yasema anayecheza kwao huangaliwa kama mgonjwa. Si mama mkwe atadhani namsimanga?"

Simu haikumdanganya. Kutunza ni kuangalia, kulea, kuhifadhi. Ila ilimpa maana moja ikanyamaza, naye hakuwa na njia ya kujua kwamba kuna nyingine. Nikatoa kamusi yangu chini ya meza, nikamwambia, "Tafuta mwenyewe, mwanangu." Akaenda moja kwa moja kwenye H. Nikamwonyesha: hiyo hu- ni ya mazoea, iweke kando, hiyo -w- ni ya kutendewa, nayo iweke kando. Kimebaki nini? Tunza. Akafungua T, akashuka na kidole, akaipata ya kuangalia, na karibu yake ile ya kumpa mtu zawadi kwa kuwa amekufurahisha. Akashuka tena kidogo akakutana na tuza, kisha tuzo, akainua macho. Nikamweleza mambo ya harusi zetu, wanawake wanavyoinuka na noti, wakamzungushia mwimbaji kichwani kisha wakamtia mkononi. Huko ndiko kutunza. Alinunua doti mbili.

Kile kitendo cha kuvua neno nguo zake mpaka ulifikie shina ndicho ninachokililia. Kiswahili hakikai kwenye kamusi kama kinavyokaa mdomoni. Ukitaka nyuso utaenda kwenye uso, ukitaka meno utaenda kwenye jino. Kamusi za zamani zilidai zaidi ya hapo: ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilimweka mpishi chini ya pika, kwa hiyo ulilazimika kujua mpishi ametoka wapi kabla hujampata. Watu waliona ni usumbufu. Mimi naona ndivyo nilivyojifunza lugha yangu, kwa maana kuisema tu sikufundishwa na mtu.

Wala siitupi simu. Usiku, duka limefungwa, huisoma humo kamusi ya Krapf. Huyu alikuwa mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe na mtoto wake hapahapa. Kamusi yake ilichapishwa London 1882, yeye akiwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma. Sijawahi kuishika nakala ya karatasi, na sidhani nitaweza kuinunua. Kwenye simu nimeipata bure, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na madoa ya karatasi. Sehemu kubwa ya maneno yake ni ya mji huu, yaliyotoka vinywani mwa wazee wetu. Kilichoondoka hapa kwa meli kimerudi kwa simu, na kwa hilo nashukuru kwa dhati.

Lakini iliyo chini ya meza ni nyingine. Ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la kwanza, la 1981, ambalo baba yangu alilinunua akiwa karani bandarini Kilindini. Jalada limeshonwa upya mara mbili. Kamusi Kuu ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Tanzania, ya 2015 pia ninayo nyumbani na naiheshimu, ila hii ina kitu ambacho hazina nyingine zote: maandishi ya baba pambizoni.

Mnajua kwamba mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika hapahapa Mombasa, ndipo Kiunguja, lahaja ya Unguja, kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kikaachwa. Baba hakuwa na ugomvi na uamuzi ule. Barua zake zote za kazi aliziandika kwa sanifu safi. Ila kila jioni alichonga penseli. Kando ya njaa ameandika "kwetu ndaa". Kando ya njia, "ndia". Kando ya chinja, "tinda". Kando ya macho, "mato". Na kando ya cheka ameandika "teka", kisha akaipigia ile t kistari kidogo kwa chini.

Kistari kile nilikaa nacho miaka bila kukielewa. Kumbe sisi tuna teka mbili. Ukisema teka maji, ulimi unagusa ufizi. Ukisema teka kwa maana ya kucheka, ulimi unagusa meno. Kwa maandishi ya kawaida ni neno moja. Kwa sikio la mtu wa Mvita ni maneno mawili kabisa, na mgeni akiyachanganya tunamjua papo hapo. Nitafute programu gani ya simu itakayoniachia nafasi ya kuandika hivyo kando ya neno, na miaka arubaini baadaye binti yangu aikute penseli ileile mahali palepale?

Hata hivyo kistari hakina sauti, na hapo naikubalia simu. Binti yangu yuko shule ya sekondari. Juzi shairi la kale la Kimvita lilimshinda, maana kila akiitafuta teka kwenye simu anaambiwa habari za watu kutekwa nyara, na shairi lenyewe ni la mapenzi. Nikampa kamusi ya babu yake, akaona kistari, akauliza kinatamkwaje. Nikajaribu mimi. Hakuridhika. Akaichukua simu, akaenda chumbani kwa bibi yake, nikawasikia kutoka jikoni: bibi anatamka teka ya maji, kisha teka ya meno, binti anamwomba arudie, polepole, karibu na simu. Kamusi ilikuwa imefunguliwa kitandani katikati yao, kwenye herufi C.