Ukiulizwa unasomea nini, usijibu kwa kunong'ona

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa binti wa mwaka wa pili chuo cha ualimu: "Mwalimu, wenzangu niliomaliza nao wako udaktari na sheria. Nikiulizwa nasomea nini, nabadilisha mazungumzo." Mdogo wangu, umenitonesha kidonda.

Mimi nilikuwa najibu "niko chuo" tu, huku nikiomba nisiulizwe chuo gani. Kisha yakaja mazoezi ya kufundisha. Somo langu la kwanza lilikuwa hesabu za sehemu. Andalio la somo nililiandika usiku kucha, kila dakika na kazi yake. Mkufunzi akakaa nyuma na fomu yake. Nikaandika ½ + ⅓ ubaoni, nikageuka, nikamwona anaandika kitu. Basi, akili ikahama. Nikajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini: 2/5. Mtoto wa dawati la mbele akasema taratibu, "Mwalimu, mbona jibu ni dogo kuliko nusu?"

Mkufunzi akasimama. "Kaa, nikuonyeshe." Nikakaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakigonga mbao. Miaka imepita, na lile "kaa" bado linaniuma. Kusahihishwa ni haki yangu. Kuaibishwa mbele ya watoto, hapana.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuamini kwamba asiyeweza sehemu hafai kama mtu. Mwanasosholojia Morris Rosenberg alipotunga kipimo chake cha kauli 10, mwaka 1965, alitaka kujua unavyojithamini wewe mzima, hesabu za sehemu hazimo. Kuamini kwamba kazi fulani utaiweza ni jambo jingine, na mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba imani hiyo hujengwa zaidi na kuifanya kazi yenyewe ukafaulu.

Kwa hiyo fundisha. Mfundishe mwenzako bwenini, fundisha ukuta, kokotoa mifano yako yote kabla hujaingia darasani. Ukiharibu, fundisha tena. Na muache kujidharau, jamani! Huyo daktari unayemwonea haya, nani alimfundisha kushika kalamu? Anayesema "niko ualimu tu", hilo "tu" kamfundisha nani?

Yule mtoto sijamsahau. Hadi leo nikifundisha sehemu, naandika 2/5 makusudi, nageuka, nangoja nani atanikamata.