Kipimo cha damu cha RNA za duara: msije mkachelewa kama sisi

Jamani, mwaka jana msimu wa korosho shangazi yangu wa Mikindani aliniita pembeni akaniambia ana kauvimbe kwenye titi, hakaumi. Mimi badala ya kumpeleka hospitali kesho yake nikajifanya msomi, nikaingia mtandaoni nikakutana na habari za RNA za duara (RNA ni vijinyuzi ndani ya seli vinavyonakiliwa kutoka kwenye jeni), mara kwenye grupu la WhatsApp kuna jamaa anauza kipimo cha damu cha hizo RNA, eti kinaona kansa bila kukatwa nyama. Nikamwambia shangazi tusubiri hela ya korosho itoke. Wiki 5 zikaenda.

Na sayansi yenyewe siyo uongo, ndo maana niliingia kingi. RNA ya kawaida ni kama ukili anaosuka shangazi barazani, una ncha mbili, usipofungwa unafumuka, na kwenye seli kuna vimeng'enya vinavyoitafuna kuanzia nchani. Ya duara imeshonwa mwisho kwa mwanzo, ncha haina, kwa hiyo inadumu hata kwenye damu. Ilionekana kwenye seli za binadamu kwa hadubini ya elektroni tangu 1979, watu wakaichukulia kama makosa tu ya seli, mpaka 2012, 2013 hivi ndo ikagundulika ziko kibao.

Maarufu ni ciRS-7, ina sehemu zaidi ya 70 za kunasa ka-RNA kadogo kanakoitwa miR-7, ambako kazi yake mojawapo ni kuzibana jeni zinazosukuma seli zikue. Hako ka-miR-7 kakinaswa, breki inalegea, kansa inakua, hesabu safi kabisa si ndiyo? Haya, 2020 watafiti wakachungulia uvimbe wa utumbo mpana wakakuta ciRS-7 haimo kwenye seli za kansa, imo kwenye seli jirani! Sasa kama maabara kubwa bado zinavutana hivyo, huyo wa WhatsApp kaipata wapi mashine?

Ukikutana naye muulize tu: kipimo chako kitaniambia uvimbe ni wa aina gani na dawa ipi inaufaa? Mimi nilimuuliza, akanijibu kwa voisi, "tuma hela kwanza bosi."

Hospitali daktari alipapasa, akachukua kipande kwa sindano nene kikapimwe, majibu yalipotoka tukapewa rufaa ya Dar. Shangazi sasa yuko kwenye mionzi Ocean Road, hospitali ya kansa ya huko Dar, na juzi kanipigia nimtumie ukili kwa basi, anasema kukaa bure kunamchosha kuliko dawa.