Pedali ya Klachi Inapozama: Tazama Masta Kabla ya Kushusha Gia Boksi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki Toyota Hilux ya gia za mkono ninayobebea viazi kutoka shambani hadi mjini. Kwa wiki tatu sasa pedali ya klachi huzama asubuhi hadi kwenye sakafu, na hunilazimu kuipampu mara nne au tano ndipo gia iingie. Rivasi ndiyo hulia zaidi. Mafuta ya kwenye kikombe cha klachi hupungua, nami huongeza. Fundi wa kwanza amesema klachi plati imekwisha, hivyo gia boksi ishushwe; wa pili ameshauri niongeze mafuta ya injini, kwa kuwa ni mazito na hayatavuja. Nimsikilize yupi?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, usimsikilize yeyote kati yao. Klachi plati iliyokwisha hainywi mafuta ya breki, ambayo ndiyo yaliyomo kwenye kikombe cha klachi, wala haiponi kwa kupampu. Dalili yake ya kawaida ni injini kunguruma mlimani huku mwendo wa gari ukibaki ule ule. Pedali inayopata nguvu baada ya kupampiwa inaonyesha kwamba mfumo wa mafuta umeingiwa na upepo au raba zake hazishiki tena, na kwa kuwa kikombe chako kinapungua, pahali panapovuja lazima papo. Rivasi hulia kwanza kwa sababu katika gia boksi nyingi haina sinkronaiza, yaani kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia, ya kuisaidia kuingia wakati klachi haijaachia kikamilifu.

Anza ndani ya gari. Inua zulia la upande wa dereva, upapase ukuta nyuma ya pedali: ukikuta unyevu, masta ya juu, yaani silinda inayosukumwa na pedali, inavuja. Kisha zima injini, weka vigingi kwenye magurudumu, uingie chini hadi kwenye masta ya chini, yaani silinda inayopokea msukumo wa mafuta, iliyofungwa ubavuni mwa gia boksi, na ufunue mpira wake wa kuzuia vumbi. Mafuta yakidondoka humo, mvujaji umempata. Mwombe mtu akanyage pedali huku ukiangalia fimbo inayosukuma foku, yaani mkono wa kuachishia klachi. Katika magari mengi ya aina hii fimbo hiyo husogea kiasi cha sentimita moja au zaidi. Ikisogea kidogo tu, tatizo liko kwenye mfumo wa mafuta, na ikisogea vizuri ilhali gia bado zinalia, hapo ndipo hoja ya kushusha gia boksi inapoanza kuwa na maana. Pedali inayozama polepole chini ya mguu uliotulia, bila tone lolote nje, kwa kawaida huonyesha kuwa raba ya ndani ya masta ya juu inapitisha mafuta.

Kuhusu mafuta ya injini, nakusihi usiyatie hata tone. Raba za mfumo huu zimetengenezwa kwa mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4, na zikikutana na mafuta ya petroli au ya injini huvimba na kulainika. Kama ulikwisha kuyamimina, raba zote na hosi zibadilishwe na mabomba yasafishwe.

Wengi hununua raba peke yake kwa kuwa ni nafuu, na silaumu, lakini masta ikifunguliwa pitisha ukucha ndani ya silinda: ukihisi vishimo vya kutu, raba mpya itakatika mapema, na ni heri kununua masta nzima. Mafuta yakiwa meusi kama chai ya rangi, ningebadilisha ya juu na ya chini kwa pamoja, kwani zimezeeka katika mafuta yale yale.

Kisha upepo utolewe. Chomeka mpira mwembamba unaopitisha mwanga kwenye nipo, yaani skrubu ya kutolea upepo, ya masta ya chini, na ncha yake nyingine izame katika chupa yenye mafuta safi. Msaidizi akanyage pedali na kuishikilia, wewe ulegeze nipo, uikaze tena kabla hajaachia mguu, na mrudie hadi mapovu yaishe. Kikombe kisikauke hata mara moja, la sivyo kazi inaanza upya. Mafuta yakimwagikia rangi ya gari, yaoshe kwa maji papo hapo, maana huibabua.

SWALI: Nimebadilisha klachi plati miezi miwili iliyopita. Asubuhi gari ni zima, lakini likipata joto klachi huteleza. Je, plati ni mbovu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Huenda plati ni nzima. Klachi inapoteleza, simamisha gari, zima injini, na ulegeze nipo kidogo. Mafuta yakiruka kwa nguvu na utelezi ukakoma, basi yalikuwa yamefungiwa, yakatanuka kwa joto na kuisukuma klachi pasipo mguu wako. Hakikisha fimbo ya masta ya juu ina uhuru wa milimita chache kabla ya kuigusa pistoni, kwani pasipo uhuru huo tundu la kurudishia mafuta hubaki limezibwa. Uhuru ukiwapo na mafuta bado yakabanwa, badilisha hosi ya mpira, ambayo huweza kuvimba kwa ndani huku nje ikionekana nzima, na usiendelee kuliendesha gari katika hali hiyo, kwa kuwa plati hiyo mpya itaungua.