Maabara inasema "haijulikani": mdogo wangu akatwe matiti?

SWALI: Mama Muuguzi, jambo sana. Nina miaka 39, nakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Mwaka jana nilikutwa na kansa ya titi, nikatibiwa Lusaka. Mama yetu alikufa kwa ugonjwa huohuo; yeye walimkuta nao akiwa na miaka 44. Ndiyo maana muganga aliomba damu yangu ipimwe jeni, ikatumwa nje ya nchi. Kwenye fomu, mahali pa asili, niliandika "Mwafrika". Jibu limerudi: BRCA2, jeni ambayo ikiharibika huongeza hatari ya kansa ya titi na ya ovari, ina badiliko ambalo maana yake haijulikani. Mdogo wangu wa miaka 33 anataka akatwe matiti yote mawili mapema. Kaka yetu wa Brussels anasema tununue kipimo cha mate kwenye intaneti. Mawifi wanasema damu yetu ina kitu kilichowashinda hata Wazungu. Kwa mama sisi ni Wabemba, kwa baba ni Waluba wa Kasai. Upande wa baba hakuna kansa, ila shangazi mmoja alikufa Mwene-Ditu tumbo limevimba, wakasema amerogwa. Tufanye nini? (Mama wa Katuba)

JIBU: Mama wa Katuba, pole kwa ugonjwa, pole kwa foleni za mpakani Kasumbalesa, na pole zaidi kwa mawifi.

La haraka kwanza: mdogo wako asikatwe chochote kwa sababu ya karatasi hiyo.

Kila mmoja wetu ana tofauti nyingi ndani ya jeni zake, na nyingi hazina neno. Maabara haiwezi kusema hii inaleta kansa, ile haileti, mpaka iwe imeziona kwa watu wengi, wagonjwa na wazima. Na watu waliokwisha kupimwa duniani, sehemu kubwa mno ni wenye asili ya Ulaya. Badiliko lako huenda wanalo wazee kibao wa Kasai au wa Luapula, wenye miaka themanini na bila uvimbe hata mmoja, lakini nani aliwahi kuwapima? Mwaka 2020 watafiti wa H3Africa, mradi wa kuchunguza jeni za Waafrika, walitangaza kwamba wamesoma DNA nzima (maandishi yote ya jeni) ya watu 426 kutoka jamii 50 za Afrika, wakakuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Watu 426 tu! Zambia ilikuwemo, na DNA ya huko ilionyesha kwamba huenda Wabantu walipitia hapo walipokuwa wakisambaa. Wasomee mawifi hayo. Kilichopungua kiko kwenye madaftari ya maabara, si kwenye damu yenu.

Msiseme basi kipimo hiki si cha Mwafrika. Nigeria, utafiti uliotoka 2018 ulikuta kwamba karibu mwanamke mmoja kwa kila wanane wenye kansa ya titi alikuwa na badiliko la kurithi lenye madhara ya kweli, mara nyingi kwenye BRCA1 au BRCA2. Mwenye jibu la namna hiyo ana mambo ya kuamua na muganga wake: kutoa ovari (mifuko ya mayai), kutoa matiti, pengine dawa ya kansa kama olaparib. Jibu lako si la namna hiyo. Matibabu yako yaendelee kufuata uvimbe wenyewe: kama unaitikia homoni, kama una HER2, protini inayokuza baadhi ya uvimbe.

Mdogo wako hana haja ya kulipa ili atafutiwe badiliko hilohilo. Akikutwa nalo, au asikutwe nalo, tutabaki palepale. Lakini kuumwa kwa mama yenu na kwako kunatosha kumweka chini ya uangalizi. Kawaida uchunguzi huanza miaka 10 kabla ya umri wa mgonjwa aliye mdogo kuliko wote katika familia. Wewe ulikutwa na miaka 38 au 39, kwa hiyo yeye ameshachelewa. Aende kwa muganga anayejua matiti, apigwe mamografia (eksirei ya matiti) na ekografia (picha ya mawimbi ya sauti), na wapange atarudi lini.

Kaka wa Brussels tumshukuru, ila pesa hiyo ailipie mamografia. Baadhi ya vipimo vya mate hutafuta mabadiliko machache tu ya BRCA, kama yale yanayoonekana zaidi kwa Wayahudi wa Ashkenazi, wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki. Kwa mtoto wa Katuba, "hakuna" ya kipimo kama hicho haisemi kitu.

Fomu nayo. "Mwafrika" ni neno pana kupita kiasi, hasa kwa mji huu ambao Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji, iliujaza wafanyakazi kutoka Kasai, Rodezia ya Kaskazini (Zambia ya leo), hata Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo). Mpelekee muganga asili ya babu na bibi zako wote wanne. Na usimwache baba nje: jeni mbovu ya matiti hupitia kwa mwanaume sawasawa na kwa mwanamke. Huyo shangazi wa Mwene-Ditu ananisumbua. Kansa ya ovari hujaza tumbo maji, na kwetu wengi wamezikwa nayo kwa jina la uchawi. Uliza wazee alikuwa na umri gani, na kama macho yake yaligeuka manjano, maana hapo ningefikiria ini kwanza.

Kila mwaka mmoja au miwili mwombe muganga aulize maabara kama badiliko lako limepata maana. Yanayopata jibu, mengi sana hugeuka kuwa yasiyo na madhara. Na ukibadilisha namba ya simu, mpe mpya.