Baga ya bakuli bila mkate isiyojaa maji

Umeuliza kwa nini baga yako ya bakuli, yaani nyama ya kusaga juu ya majani ya saladi bila mkate, kila mara inajaa maji. Mara nyingi tatizo ni nyama kurundikwa kwenye kikaango ambacho hakijapata moto: inatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Pasha kikaango kwanza, tandaza nyama ya kusaga, usiiguse mpaka upande wa chini uwe kahawia, ndipo uigeuze na kuivunjavunja. Iive kabisa, nyuzi 71 za Selsiasi kama una kipimajoto. Majani ya saladi yakaushe kwa kitambaa safi. Sosi? Mtindi mzito, haradali na matango ya siki yaliyokatwa vidogovidogo. Mayonesi nyingi itaongeza mafuta. Nyama ipoe kidogo kabla ya kuiweka juu ya majani, na nyanya ziingie mwisho.