Uji Mwepesi Ulivyomrudisha Nyuma Mwanangu, na Ninachompikia Sasa

Mwanangu wa kwanza alinyonya tu, bila hata maji, mpaka alipotimiza miezi 6. Siku hiyo mzani wa kliniki ulisoma kilo 7.2, nikarudi nyumbani Pasua, hapa Moshi, nikiwa na moyo mweupe. Miezi 3 baadaye nesi yule yule alimning'iniza kwenye mzani, akasoma, akamshusha, akamning'iniza tena. Kilo 7.4. Akaweka nukta kwenye kadi, akaiunganisha na za nyuma. Mstari uliokuwa ukipanda kama barabara ya Kibosho ulikuwa umelala.

"Mama, mtoto anakula nini?"

Nikamjibu bila wasiwasi: uji wa lishe, mara 4 kwa siku, na anaumaliza.

Ulikuwa uji wa lishe kweli. Nafaka nilizinunua mwenyewe soko la Mbuyuni, nikachambua, nikapeleka mashine: mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya, karanga na mbegu za maboga. Nesi hakuuliza habari ya unga. Aliuliza namlisha kwa kutumia nini. Nikamwambia kikombe chenye mdomo, kwa sababu dada wa kazi anayekaa naye anaona ndiyo rahisi.

"Ukiuchota kwa kijiko halafu ukakiinamisha, unakaa au unamwagika?"

Unamwagika, nikasema. Kwenye kikombe kile usipokuwa mwepesi hautoki.

"Basi anashiba maji."

Neno hilo liliniuma, na liliniuma kwa sababu ni kweli. Tumbo la mtoto mdogo linabeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 7 anajaa kwa mililita 210 hivi, hata kikombe cha chai hakifiki. Nafasi hiyo ndogo ukiijaza maji yenye rangi ya unga, anatulia, analala, wewe unaona ameshiba. Mwili wake haujapata kitu cha kujengea. Nilikuwa nimehangaikia vitu 8 ndani ya unga, nikasahau kuhangaikia wingi wa unga ndani ya sufuria.

Nawaandikia hasa akina mama wanaorudi kazini mapema kama mimi. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, kwa hiyo mtoto anapoanza kula, wengi wetu tuko ofisini au dukani na kijiko kimeshikwa na mtu mwingine. (Sheria hiyo hiyo inakupa hadi saa 2 kwa siku za kwenda kunyonyesha. Kama kazi iko karibu na nyumbani, ziombe. Mimi nilichelewa kuzijua, na mpaka leo naumia nikizikumbuka.)

Cha kwanza nilichobadilisha ni kikombe. Nilikiweka pembeni, nikanunua bakuli dogo na kijiko kidogo. Uji ukachotwa ukakaa juu ya kijiko bila kumwagika. Siku mbili za kwanza alikataa, alizoea kumeza bila kazi. Ndipo bibi yake, mama mkwe wangu anayeishi Kibosho, akaniuliza, "Kwani huna kimea?"

Kimea cha ulezi, yaani ulezi uliooteshwa, kile kile cha kutengenezea mbege, pombe yetu ya ndizi. Sikuwahi kukiwaza kwenye chakula cha mtoto. Alinionyesha jikoni kwangu. Tulipika uji mzito, mwiko unasimama. Tukaepua, tukauacha upoe mpaka unaweza kuonja bila kuungua ulimi. Akatia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea, akakoroga taratibu. Dakika chache tu, uji ukaanza kulegea mbele ya macho yangu, ukawa laini wa kuteleza, na hatukuwa tumeongeza hata tone la maji. Unga wote uliokuwa kwenye sufuria ulikuwa bado umo. Kisha akaurudisha jikoni uchemke tena, maana unga wa kimea unakuwa haujaiva.

Ulezi ukiota hutengeneza kimeng'enya kinachokata wanga, ndicho kinacholegeza uji. Moto mkali unakiua, ndiyo sababu hutii kimea kwenye uji unaochemka. Kukitengeneza ni rahisi: loweka ulezi safi usiku mmoja, chuja, tandaza kwenye kitambaa chenye unyevu, funika siku 2, ukiona vimizizi anika juani mpaka ukauke kabisa, pekecha vimizizi vitoke, saga. Kile cha mbege cha sokoni sikitumii kwa mtoto, kwa sababu nimeshakutana na chenye harufu ya ukungu.

Ukungu huo ndio ulionifanya niachane na ule unga wa vitu 8. Karanga na mahindi ndivyo vinavyoongoza kushikwa na sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 ndugu zetu wa Dodoma na Manyara walipoteza watu kwa sababu yake. Tena karanga na soya zikisagwa pamoja na nafaka, mafuta yake yanaufanya unga uchache mapema, na soya inahitaji kuiva sana kuliko muda wa kupika uji. Sasa nasagisha mahindi na ulezi tu, kiasi cha wiki 3. Karanga nazichambua moja moja, yenye kujikunja au yenye doa naitupa, nakaanga, natwanga kidogo kidogo. Kijiko kimoja kinaingia kwenye uji dakika za mwisho. Karanga nzima mtoto mdogo hapewi, inamkaba.

Lakini uji hata uwe mzuri vipi, si chakula cha kutwa. Hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote. Mtoto anazaliwa na akiba ya madini chuma, na akiba hiyo ikifika miezi 6 inakuwa inaelekea kwisha, huku maziwa ya mama yana madini hayo kidogo sana. Uji wa mahindi hauwezi kuziba pengo hilo. Linazibwa na nyama, maini, dagaa, samaki, na kwa kiasi fulani maharage na mboga za majani. Kila siku sahani ya mtoto iwe na kitu kimojawapo kilichotoka kwa mnyama, hata yai. Bibi alinionya kwamba mtoto akila mayai atachelewa kuongea. Nilimheshimu, sikubishana naye, nikamwomba tumuulize nesi siku ya kliniki. Nesi akasema nimpe tu, liive vizuri. Leo bibi mwenyewe ndiye anayetuletea mayai ya kienyeji.

Na tafadhali, mpe nyama yenyewe. Kwetu mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, tunauheshimu, mzazi ananyweshwa, mtoto anapewa supu yake tukiamini nguvu yote imeingia kwenye supu. Nguvu imebaki kwenye nyama tuliyokula sisi watu wazima. Mtori wa mwanangu napika hivi: robo kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi, vipande vidogo, nachemsha na kitunguu mpaka inachambuka kwa vidole. Naitoa, naichambua nyuzi nyuzi, naitwanga kwenye kinu kidogo mpaka iwe kama pamba iliyolowa. Ndizi mshare 5 namenya ndani ya maji zisiwe nyeusi, naziweka kwenye ile supu pamoja na karoti, zikiiva naziponda kwa mwiko, narudisha nyama, namalizia na kijiko cha mafuta au kipande cha parachichi. Kwa mtoto wa miezi 7 ni laini kabisa. Akifika miezi 9 naacha vidonge vidonge ajifunze kutafuna. Akifika mwaka anakula kama sisi, nakatakata tu.

Chumvi kwake sitii. Sukari pia, na asali haipewi mtoto hata kulamba kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu kwenye utumbo wa mtoto mchanga.

Maini ya kuku yanaiva haraka na yanapondeka kirahisi, nampa mara 1 au 2 kwa wiki. Dagaa ndio mkombozi wa siku ambazo mfuko hauruhusu nyama. Nanunua wakavu wanaong'aa, natoa vichwa, naosha kwa maji ya moto mara 3 mpaka mchanga uishe, naanika tena, nakaanga bila mafuta, natwanga na kuchekecha. Chupa moja ya unga huo inakaa kabatini wiki 2 bila friji, na kijiko kimoja kinaingia kwenye chochote: viazi, wali uliopondwa, mchicha. Hata umeme ukikatika, huo hauharibiki.

Halafu kuna magadi. Sisi wa Kilimanjaro na Arusha tunayatia kwenye maharage na kiburu (ndizi na maharage) ili viive haraka. Magadi yetu yana madini ya floraidi kwa wingi, na maji ya sehemu nyingi kuzunguka Meru nayo yanayo. Meno ya kahawia ya watu wengi wa huku yanatokana na hayo, na yanaharibikia utotoni, wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi. Kuchemsha maji hakuyatoi, kunayazidisha kwa sababu maji yanapungua na madini yanabaki. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kinachotumia mkaa wa mifupa kuchujia maji. Kama unaishi upande wa Arumeru, ulizia maji ya eneo lako. Kuhusu maharage dawa ni rahisi: yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa mapya. Yanaiva vizuri bila magadi.

Sasa nafanyaje na kazi? Mwanzoni nilidhani mtoto anahitaji jiko lake. Hahitaji. Anahitaji chungu chetu, kabla ya chumvi na pilipili. Jioni nikipika ndizi, maharage au mchicha, natoa sehemu yake kwanza, ndipo naunga cha wakubwa. Jumamosi asubuhi nachemsha maharage kilo moja na nyama nusu kilo, naponda, nagawa kwenye vikopo vidogo vyenye mfuniko, nagandisha kwenye friza. Kila kikopo ni mlo mmoja. Dada anatoa kimoja, anakichemsha mpaka kitoe mvuke kote, anaponda kiazi au ndizi juu yake, dakika 15 mtoto anakula. Kinachobaki kwenye bakuli kinatupwa, hakirudishwi. Jirani zangu wasio na friza wanapika mara 2 kwa siku kidogo kidogo, na wanawategemea dagaa na mayai, na watoto wao wananawiri.

Kitu kimoja nilichokikataza kabisa ni uji wa kwenye chupa ya chai kutoka asubuhi mpaka jioni. Ukishapoa kidogo humo ndani, vijidudu vinazaliana, na kuhara kwa siku 3 kunafuta kazi ya mwezi mzima. Matunda hayahitaji kupikwa: parachichi, papai, embe ikiwa msimu. Tunda lenye uchachu au chungwa baada ya maharage husaidia mwili kufyonza madini chuma. Chai ya rangi inazuia, nayo watoto wetu tunawapa mapema mno.

Kiasi tulichoelekezwa kliniki ni hiki. Miezi 6 unaanza na vijiko 2 au 3, mara 2 hadi 3 kwa siku, unapanda taratibu hadi nusu kikombe cha mililita 250. Miezi 9 ni nusu kikombe mara 3 au 4, na asusa katikati. Mwaka mmoja kwenda juu, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Kunyonya kunaendelea mpaka miaka 2 na zaidi.

Dada nilikaa naye chini siku nzima ya Jumapili, sikumwachia maagizo mlangoni. Tulipika pamoja, tukalisha pamoja. Alikuwa amezoea kumlaza mtoto mapajani, kumshika mikono na kumkaba uji, kama alivyoona kwao. Nilimwonyesha kumkalisha, kumtazama usoni, kumwita, kungoja afungue mdomo mwenyewe, na akigeuza kichwa mara ya tatu, basi, tumwache, tutajaribu tena baadaye. Mlo ulichukua dakika 25. Alimaliza robo tatu ya bakuli, uji mwingine ukiwa kwenye nywele.

Alipofikisha miezi 11 alikuwa na kilo 8.5. Nesi alichora mstari, akanigeuzia kadi nione bila kusema neno.

Mdogo wake sasa ana miezi 5 na wiki 3. Ulezi nimeshauanika.